Marehemu Balbir Singh Matharu na Nzi Wake wa Poloki

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Hither Green leo, Jumatano tarehe 13 Machi 2019, asanteni kwa kuja. Mama Avtar, mjane wa marehemu, ameagiza wasifu huu usomwe kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu marehemu alihesabu, alitukana na aliota kwa Kiswahili mpaka mwisho wake. Wajukuu watausoma kwa Kiingereza ukurasa wa nyuma. Mimi ninayesoma naitwa Mardhiya. Marehemu alikuwa baba yangu mzazi. Wengi wenu mmenijua miaka mingi na hilo hamkulijua, kwa hiyo nitalieleza lilivyokuwa, mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1942 katika nyumba za reli, Makupa, Mombasa. Alikuwa mtoto wa tatu wa Inder Singh Matharu, fundi wa injini za treni, na mkewe Kartar Kaur. Walizaliwa sita, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki.

Alianza shule Mombasa mwaka 1949 na kumaliza masomo ya sekondari mwaka 1958. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa utoro, maana maji yakijaa hakuonekana darasani. Siku moja alichomoa nyuzi kwenye pindo la kilemba cha baba yake, akazitumia kufungia manyoya ya jogoo kwenye ndoana. Babu hakujua. Jumapili akaenda gurdwara, hekalu la Makalasinga, uzi mmoja ukaning'inia mgongoni, na kila aliyekaa nyuma yake akauvuta kidogo akidhani anamsaidia. Sala ilipokwisha, pindo lote lilikuwa limefumuka. Baba alichapwa. Kila alipokisimulia kisa hiki, hakusahau kuongeza kwamba manyoya yale yalikamata samaki, kolekole wawili.

Mwaka 1959 reli ilimchukua kama mwanafunzi wa ufundi, na baada ya miaka mitano akawa fundi kamili wa kukereza vyuma. Hapo Makupa ndipo alipofahamiana na mama yangu, Time binti Hamad, ambaye wazazi wake walitoka Pemba. Mama alikuwa na cherehani yake karibu na nyumba za reli. Hawakuoana. Mwanzoni mwa mwaka 1968 Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wakigombania ndege, maana kila mtu alijua kwamba London inatunga sheria ya kuwafungia mlango, na huku nyumbani kazi zao zilikuwa zikipewa wengine. Baba aliruka tarehe 22 Februari 1968. Mimi nilizaliwa tarehe 11 Mei. Alijua kwamba mama ni mjamzito. Alimwambia atarudi kumchukua, na hakurudi. Mama alifariki mwaka 1996, hakuolewa na mtu mwingine. Mimi sikupelekwa shule. Nilianza kusuka nywele za watu nikiwa msichana mdogo, na kusoma na kuandika nimejifunza hapa London, mtu mzima. Sikuja hapa kumsafisha marehemu wala kumchafua. Nimelisema kwa sababu lilikuwa hivyo.

Hapa London alifikia chumba kimoja na binamu zake wanne, Lewisham. Alikuwa fundi aliyekereza vipuri vya treni, lakini kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kufagia karakana ya mabasi. Alifagia mwaka mzima. Siku moja mashine iliharibika, mwenye zamu alikuwa mgonjwa, wakamruhusu ajaribu. Tangu hapo hakushika ufagio tena, na alifanya kazi katika karakana hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2007.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Surinder Kaur, mzaliwa wa Nakuru, ambaye wote tunamwita Mama Avtar. Avtar alizaliwa mwaka 1973 na Balwinder mwaka 1976. Ilikuwa nyumba yenye chakula kingi na makelele mengi. Aliyepita Lewisham hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kula.

Wafanyakazi wenzake wa karakana ndio waliompeleka Weymouth kwa mara ya kwanza, kiangazi cha 1974, kuvua samaki aitwaye poloki. Kwa wasiomjua, poloki ni samaki wa maji ya baridi, mgongo wa kijani kama mzeituni, tumbo jeupe, macho makubwa, na taya la chini limetokeza kama la mtu mbishi. Anakaa chini kwenye miamba yenye mwani mrefu, akitazama juu. Wenzake walitumia minyoo. Baba aliona mzee mmoja wa Kizungu akirusha uzi mwepesi wenye manyoya kwenye ncha, akarudi nyumbani bila usingizi. Chambo hicho Waingereza wanakiita nzi, hata kama hakina bawa na kimetengenezwa kifanane na samaki mdogo. Baba naye akakiita nzi. Mama Avtar anasema wiki ile alimwambia, "Watu wanafukuza nzi, wewe unawafunga mmoja mmoja juu ya meza yangu ya kulia chakula." Meza hiyo ipo mpaka leo na ina alama za gundi.

Mimi nilifika London mwaka 1999 na kupata kazi katika saluni moja ya Peckham. Nilijua jina lake na kwamba alikuwa wa reli, basi. Niliuliza kwa watu wa Mombasa mpaka nikaelekezwa kwa Mzee Kanti, huyu aliyekaa mbele hapa, ambaye wakati huo alikuwa na duka lake Neasden na alijua habari za kila mtu.

"Balbir yupi?" akaniuliza. "Wa reli?"

"Wa reli, Makupa."

"Yule kalasinga anayefuga nzi! Namjua sana. Wamtakia nini, binti?"

Nikamwambia nina salamu zake kutoka nyumbani, kutoka kwa Time, bila kusema kwamba amekwisha kufariki.

Mzee Kanti akamwelekeza, na baba alikuja saluni Jumamosi moja ya mwezi wa Machi 2003, amevaa suti na kilemba cha bluu. Alisimama mlangoni. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta, ambapo zilitundikwa nywele za bandia za kusukia, kila rangi na msumari wake. Neno la kwanza baba yangu aliloniambia maishani mwangu lilikuwa hili: "Hii ya kijani, mnauza hata kipande?"

Nikamwuliza anaitakia nini.

"Ya nzi," akasema.

Mama mmoja wa Kikongo niliyekuwa namsuka alicheka mpaka nikaachia mkono. "Papa, nzi wa kwenu wanasukwa rasta?"

Baba akaketi, akatueleza. Akatoa kipande cha ile nywele ya kijani, akakiinua juu ya kichwa chake chini ya taa, akakitazama kutoka chini. Alisema poloki haoni rangi nzuri ya mgongo wa nzi, anaona kivuli chake dhidi ya mwanga, kwa hiyo anayechagua lazima awe chini, naye atazame juu. Wateja wote wakainua vichwa kutazama. Alipoondoka alichukua furushi la kijani na la nyeupe, akasema, "Nitarudi." Nilikwisha kusikia kwamba neno hilo aliwahi kulisema. Safari hii alirudi.

Alirudi kila mwezi. Nilimwekea vipande vilivyobaki vya rangi zote. Mteja mmoja aliwahi kumpa nywele zake halisi alizokata, akakataa kwa heshima. Nywele za mtu hakuzigusa, kwa dini yake. Za kiwandani ndizo alizozitaka. Alinifundisha kufunga, na nzi wangu wa kwanza nilimjaza vizuri, maana saluni mteja akilipa anataka kichwa kijae. Alimshika kama ameshika panya.

"Punguza, punguza! Poloki haendi harusini."

Nikapunguza. Akasema bado. Nikabakiza nyuzi chache mpaka nikaona aibu, akasema, "Sasa huyo ni samaki." Maji yakiwa safi na jua kali alitaka mwembamba, kijani juu na mweupe chini, mfano wa dagaa wa mchangani ambao poloki anawapenda. Jioni mwanga ukififia alitaka mweusi, kwa sababu mweusi ndiye anayeacha kivuli. Wote aliwawekea macho ya risasi ili wazame kichwa kwanza, maana poloki hapandi juu kumfuata mtu mvivu. Tulizungumza habari hizi saa nzima, tukanywa chai, akaenda zake. Lile jambo lingine hatukulizungumza.

Alinijulisha kwa watu. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Alinipeleka nyumbani, alinipeleka gurdwara, alinipeleka Neasden kwenye duka la Mzee Kanti, na kila mahali alisema, "Huyu ni binti yangu, wa Mombasa." Nanyi mnajua Kiswahili chetu. Mzee yeyote humwita binti yangu hata msichana anayemuuzia mchicha. Watu walisikia adabu, wakanikaribisha kwa adabu. Mama Avtar mwenyewe akaniita binti, akanipa chapati za kwenda nazo. Avtar, ndugu yangu wa damu, ambaye anaelewa Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza, akaniita anti. Baba alikuwa amesema kweli mbele ya kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Alijua hivyo. Nilimwomba zaidi ya mara moja atafute neno jingine, lisilo na mlango wa nyuma. Alinijibu, "Binti ni binti. Unataka lipi tena?" Nilitaka aniite mtoto wake, mbele ya watoto wake, angali hai. Sikuwa na haja nyingine kwake.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 2014 tulikwenda Weymouth, baba, Avtar, Mzee Kanti na mimi, tukapanda boti ya kukodi. Mzee Kanti hali samaki, wala yai. Alikuja kwa hewa na kwa mfuko wake wa chevda ya kutafuna. Nahodha alipoeleza habari za makoti ya kujiokoa aliuliza mimi ni nani kwao. Avtar akamjibu kwa Kiingereza kwamba mimi ni rafiki wa familia. Baba akaongeza kwa Kiswahili, "Binti yangu huyu," na nahodha akatikisa kichwa tu, kwa kuwa hakuelewa.

Upepo ulikuwa umevuma siku mbili na maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baba alifungua kisanduku chake cha nzi, akamsogezea Avtar.

"Chagua."

Avtar akachukua mwembamba, wa bluu na nyeupe, akasema kwa Kiingereza kwamba huyo ndiye aliyefanya kazi mwaka jana.

"Mwaka jana maji yalikuwa kioo," baba akamwambia. "Leo huyo nani atamwona?"

"Ningekuwa mimi poloki," Mzee Kanti akasema, "ningengoja chai ipoe kwanza."

"Kanti, wewe kula." Baba akatoa nzi wa njano, mnene kuliko wengine, wa nywele nilizomletea mimi. "Maji yakichafuka, chagua chambo kinachojionyesha. Njano, tena kinachometameta. Ukimtupia kitu cha kujificha, poloki atapita hapo hapo na hatajua kwamba umemwita."

Hapo ulimi wangu uliniponyoka. Nikamwambia, "Baba, maji yetu sisi yamechafuka tangu mwaka sitini na nane, na wewe bado wanitupia binti."

Mzee Kanti akaacha kutafuna. Avtar akauliza kwa Kiingereza, maji gani?

Baba alijaribu kumfunga yule nzi kwenye uzi. Akaweka kila kitu chini.

"Avtar," akasema kwa Kiswahili, "mama yake huyu alikuwa Time wa Makupa. Nilimwacha na mimba nikapanda ndege. Mardhiya ni mtoto wangu wa kumzaa. Ni dada yako mkubwa. Sisemi kwa adabu, nasema kwa damu." Kisha akamgeukia nahodha, akayasema yote tena kwa Kiingereza, pole pole, kama mtu anayetoa ushahidi. Yule maskini akasema amefurahi kunifahamu.

Avtar alimtazama baba, kisha mimi. Halafu akasema, safari hii kwa Kiswahili, "Na mimi namwita anti!"

"Bhai," Mzee Kanti akamwambia baba, "mimi nilikuwa najiuliza, ni salamu gani hizi za Mombasa zinachukua miaka kumi na moja kufikishwa?"

Baba alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Avtar ndiye aliyemfungia yule nzi wa njano, akanipa mimi fimbo ya kuvulia. Nilirusha vibaya, nzi akazama karibu tu na boti, na poloki akamchukua huko huko. Akapiga mbizi kuelekea chini. "Mshike!" baba akapiga kelele. "Usimpe uzi, ataingia mwanini! Mshike, mwanangu!" Nilimshika. Aliyekuwa na haki ya kuringa siku hiyo ni mimi, na niliringa mpaka Peckham.

Jioni ile baba alimweleza Mama Avtar. Mama Avtar hakunipokea nyumbani kwake mwaka mzima, na ilikuwa haki yake, kwa kuwa yeye pia alikuwa amefichwa. Alimpikia baba na hakuzungumza naye zaidi ya kumwambia chakula tayari. Kisha siku moja mwishoni mwa mwaka 2015 alinipelekea kwa mkono wa Avtar bakuli la poloki wa kukaanga kwa kiungo cha ajwain. Mimi nikarudisha bakuli hilo na poloki wa kupaka, kwa nazi. Akanipigia simu kuniambia kwamba nazi imezidi. Tangu siku hiyo tunazungumza.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Tulikwenda baharini kila kiangazi, na baba alinijulisha kwa watu kwa namna mpya, akisema "mtoto wangu wa kwanza," hata kwa waliokuwa hawajauliza. Alimwambia dereva wa basi. Alimwambia mwanamke aliyempima macho.

Mwezi wa Oktoba 2018 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungua. Madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka. Alilazwa hospitali ya Lewisham mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mwanzoni mwa Februari mwaka huu. Wauguzi walimtunza vizuri, lakini nywele za kalasinga ambazo hazijapata kukatwa tangu azaliwe zina mambo yake, na vidole vya Mama Avtar vimeingiwa na baridi yabisi. Siku moja alinipigia simu saluni.

"Acha unachofanya," akasema. "Njoo umchane baba yako."

Nilikwenda. Nikamchana kila asubuhi kabla ya kazi, Mama Avtar ameketi upande wa pili ameshika kitana cha mbao na kusimamia.

"Vuta taratibu. Kichwa chake laini."

"Mama Avtar, nimesuka London nzima mimi."

"London nzima si mume wangu."

Baba alikuwa akicheka amefumba macho. Avtar alimletea kile kisanduku cha nzi, akakitandaza juu ya blanketi, na baba alimtaka kila aliyemtembelea atazame dirishani, aseme mawingu yakoje, kisha achague. Balwinder alikuja kutoka Leicester akachagua wa zambarau kwa sababu ni mzuri. Baba akamwambia poloki naye atamwona mzuri, na atamwacha apite.

Alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 2019, saa za asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Mama Avtar, Avtar, Balwinder na mimi tulikuwa naye. Nywele zake zilikuwa zimechanwa na kufungwa.

Juzi tuliketi jikoni Lewisham kupanga programu hii mliyoishika. Mama Avtar alikuwa anakanda unga, maana wageni walikuwa njiani. Avtar alikuwa anaandika, akafika mahali pa kutaja walioachwa, akasita. Nilijua anasitia nini. Yako mambo ambayo mtu husema kwenye boti, na yapo yanayochapishwa yakasomwa mbele ya gurdwara nzima na mbele ya ndugu waliotoka Kanada.

"Mama," akauliza, "niandike watoto wangapi?"

"Watatu," Mama Avtar akasema, akaendelea kukanda.

"Tunaweza kuandika wawili na binti wa Mombasa, kwa ajili ya wazee..."

Mama Avtar akainua mikono yenye unga. "Binti ndiye nani? Mimi sina binti wa Mombasa nyumbani kwangu. Andika watatu, na uanze na mkubwa. Na mkubwa ndiye atakayesoma."

Marehemu Balbir Singh Matharu ameacha mjane, Surinder Kaur. Watoto watatu, Mardhiya, Avtar na Balwinder. Na wajukuu watano, mkubwa wao akiwa Zainab, binti yangu wa kumzaa. Waheguru ampokee baba yetu, ampe utulivu, na usingizi wake uwe mwema.